Mtoto anachagua chakula na marejesho ni Ijumaa

Sahani iliyokataliwa na mtoto huuma mara mbili ikiwa ilinunuliwa kwa mkopo. Mzazi anaangalia ugali unavyokauka pembeni, anakumbuka kikoba, kikundi chao cha kuweka na kukopa, kinakutana keshokutwa, kisha anafanya moja kati ya mawili: anamkaba mtoto mpaka amalize, au anatoa jero, shilingi mia tano, akanunuliwe biskuti asilale njaa. Kukabwa kunamfundisha kuogopa sahani. Biskuti inamfundisha kwamba akikaza vya kutosha, kitamu kinakuja. Mwenye deni apange mambo ili kila mtoto anapokataa, hasara iwe kijiko kimoja tu cha chakula. Yanayofuata ni kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi sita, katika nyumba ya Dar es Salaam au mji mwingine wa Tanzania inayopikia mkaa na haina friji.

Kwanza, kadi ya kliniki

Kati ya miaka miwili na mitano, kukataa chakula kigeni ni mambo ya umri. Hata aliyekuwa anakula kila kitu akiwa na miezi kumi hubadilika. Kama anacheza, analala vizuri na mstari wa uzito kwenye kadi unapanda, huyo anachagua tu. Mstari ukilala au ukishuka, mpeleke. Mwangalie na mdomoni, maana kidonda au jino bovu humfanya mtoto aonekane ana kiburi cha chakula. Matone ya vitamini A na dawa ya minyoo kwa walio chini ya miaka mitano hutolewa bure Juni na Desemba; kama alikosa, ulizia kituo cha afya.

Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, mzunguko wa mkono wa juu ukiwa chini ya sentimita 12.5, nenda kliniki wiki hiyohiyo. Ukiwa chini ya 11.5, au miguu yote miwili imevimba kiasi kwamba ukibonyeza kidole shimo linabaki, nenda leo. Mapishi yatasubiri.

Njaa yake inauziwa dukani

Kabla ya kubadilisha mapishi, andika kwa siku tatu kila kinachoingia mdomoni kati ya mlo na mlo: ubuyu, lambalamba, juisi ya pakiti, maandazi ya jirani. Mia tatu ya asubuhi na mia tatu ya alasiri ni 600 kwa siku, 4,200 kwa wiki. Peleka hesabu hiyo gengeni uone inatoa mayai mangapi na mafungu mangapi ya dagaa.

Tumbo la mtoto wa miaka mitatu ni dogo. Juisi ya saa tano asubuhi inatosha kuua njaa ya saa saba mchana, halafu lawama inaangukia maharage. Hata maziwa yana kiasi: baada ya mwaka mmoja, nusu lita kwa siku inatosha, ikizidi hapo anashiba maziwa na kukosa madini ya chuma. Chai nayo isikae pamoja na mlo, kwa kuwa inazuia chuma kilichomo kwenye maharage na mboga.

Weka milo mitatu na vitafunwa viwili kwa saa zinazojulikana, katikati ni maji tu. Kitafunwa kiwe chakula: ndizi, kipande cha kiazi kitamu, nusu kikombe cha uji. Kama unakopa kwa daftari, pita dukani mwenyewe useme: "Mangi, mtoto akija peke yake usimpe kitu, hata akisema mama kamtuma." Bibi na wapangaji wenzako waambiwe pia. Siku tatu nne za kwanza ni kilio, na hapo ndipo wengi hurudi nyuma.

Hela ya marejesho isikutane na hela ya unga

Gawanya rejesho kwa siku za kazi. Kama ni 24,000 kwa wiki na unafanya kazi siku sita, 4,000 inatoka kila jioni kabla hujapita sokoni, na inakaa mahali pengine kabisa. Wanaosubiri siku ya mwisho hujikuta Alhamisi wamekomba hela yote ya chakula, Ijumaa wanakopa unga, na unga huo unakuwa deni jipya juu ya lile.

Vipimo vidogo vinanyonya. Jumlisha vipimo vya mafuta vya wiki nzima uone vinakuwa lita ngapi, kisha linganisha na bei ya lita. Huwezi kununua vyote kwa mkupuo, kwa hiyo nunua kimoja kila wiki: wiki hii mafuta nusu lita, ijayo maharage kilo mbili, inayofuata dagaa.

Ukishajua hutatimiza, nenda kabla ya siku yenyewe ukaombe rejesho dogo kwa muda mrefu zaidi, na makubaliano yaandikwe. Kuchukua kausha damu, yaani mkopo wa mtaani wa riba kubwa, ili ulipe kikoba ni kuuza mlo wa mwezi ujao. Ukilazimika kukopa, omba kuona leseni (Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji awe nayo) na nakala ya mkataba kabla ya kuweka saini.

Sufuria moja

Asipikiwe chake peke yake. Kila mlo uwe na kitu kimoja anachokila bila ubishi, iwe wali, ugali au ndizi. Pembeni yake weka kile anachokikataa. Kiasi cha kuanzia ni kijiko kimoja cha chakula kwa kila mwaka wa umri, kwa kila aina: wa miaka mitatu apate vijiko vitatu vya wali na vitatu vya maharage. Kile kigeni kiwe kama ukucha wa kidole gumba, basi. Akimaliza anaongezwa. Kilichobaki sufuriani bado ni chakula cha watu, ila kilichochezewa sahanini hakuna wa kukila.

Kigeni kiletwe mchana anapokuwa na njaa kweli, kisiletwe usiku akiwa anasinzia. Mpe dakika 20 hadi 30, halafu ondoa sahani bila hotuba. Maneno kama "onja kidogo baba, mama afurahi" yanaonekana ya upole lakini bado ni kumkaba. Taja tu kilichopo, "hii ni choroko, laini, ina chumvi kidogo", na wewe ule. Kipimo cha kukubali ni mara 8 hadi 15 kwa chakula kilekile. Wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu au ya nne, wakati bado mtoto anakizoea kwa macho. Chora vistari ukutani kwa mkaa kama unasahau hesabu.

Dagaa wasio na macho

Dagaa ndio nyama ya mwenye marejesho, na ndio watoto wengi huwakataa, kwa sababu tatu zinazojulikana: uchungu, mchanga na yale macho. Zote zinaondolewa jikoni. Chukua robo kilo ya dagaa wa Mwanza.

1. Ng'oa vichwa pamoja na utumbo. Uchungu unakaa humo.
2. Loweka kwenye maji ya moto dakika tano, sugua kwa viganja. Watoe dagaa kwa mkono, maji yabaki kwenye beseni. Ukimimina vyote kwenye chujio, mchanga uliokwisha kuzama unarudi juu yao. Rudia mpaka chini ya beseni pawe safi, kwa kawaida mara tatu au nne.
3. Anika juani mpaka wakauke kabisa.
4. Kaanga bila mafuta, moto mdogo, ukigeuza dakika 10 hadi 15. Wamefika pale dagaa mmoja ukimkunja anakatika kwa mlio.
5. Wakipoa, twanga na chekecha kwa chujio la chai. Hifadhi kwenye chupa kavu yenye mfuniko, na kijiko kikavu siku zote.

Anza na robo kijiko cha chai kwenye kikombe cha mchuzi wa nyanya au maharage. Siku tatu zikipita salama, nusu kijiko, kisha kijiko kizima. Mwenye haraka huanza na kijiko kikubwa, harufu inapanda, na mchuzi wote unakataliwa pamoja na ule aliokuwa anaupenda. Dagaa wakiungua kidogo tu wakati wa kukaanga, unga huo utatia uchungu kila sufuria. Kubali hasara, usiutumie. Ukishikana mabonge, umeingia unyevu, utupwe. Unga huu usiutie kwenye uji wa sukari, harufu ya samaki ndani ya utamu humkimbiza mtoto moja kwa moja. Dagaa mchele wa pwani huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo ukiwatumia punguza chumvi ya mboga.

Tone la ndimu kwenye mchuzi wa maharage au mchicha linasaidia chuma kufyonzwa. Na mara mojamoja weka dagaa mmoja mzima, mkavu, pembeni ya sahani. Ukificha siku zote, atakula unga wake mpaka shule bila kumjua dagaa.

Uji: achana na nafaka nane

Unga wa lishe wenye nafaka nane, soya, karanga na dagaa ndani ya mfuko mmoja ni ghali na hauna faida ya ziada kwa mtoto huyu. Karanga zikishasagwa na kukaa huchacha haraka, na soya isiyokaangwa vizuri inasumbua tumbo. Tumia dona au ulezi, karanga iingie sufuriani.

Tatizo la uji kwa mtoto anayekula kidogo ni maji. Uji mwepesi unamjaza bila kumlisha, ule mzito anaukataa. Dawa yake ni kimea, kilekile cha togwa. Kwa kikombe kimoja na nusu cha maji tumia vijiko vitano vya chakula vya unga, pika dakika 15 mpaka ushike kijiko. Ipua, acha upoe kiasi cha kuonjeka bila kuunguza ulimi. Tia kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea, koroga, subiri dakika kumi. Utaona uji uliokuwa unasimama sasa unamiminika, na umepata utamu wake bila sukari. Urudishe motoni uchemke dakika tatu, kisha changanya kijiko kimoja cha chakula cha karanga iliyosagwa. Ukitia kimea uji ukiwa bado unatokota, joto linakiua na hakuna kitakachobadilika.

Kimea chenyewe: loweka nusu kilo ya ulezi usiku kucha, chuja, funika na kitambaa kibichi siku mbili ukinyunyizia maji, anika vipukizi vikitokeza, sugua vipukizi vikatike, saga. Ukiona ukungu, tupa wote. Karanga nazo zichaguliwe moja moja, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au chungu zitolewe kwa ajili ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Mwaka 2016 sumukuvu ya mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, na kupika hakuiondoi. Karanga nzima asipewe aliye chini ya miaka mitano, zinapalia.

Maharage na mkaa

Loweka nusu kilo saa 12, mwaga maji hayo. Chemsha kwa moto mkali dakika kumi, funika, kisha sufuria iingie kwenye kapu lililojazwa mablanketi saa mbili au tatu, na umalizie jikoni. Nyanya isiingie kabla hayajaiva, ukali wake huyafanya magumu. Yachemshe matupu: kitunguu na tui viende kwenye sehemu ya siku hiyo tu, maana tui ndilo huchachusha sufuria nzima. Bila friji, yatumie ndani ya siku mbili, yatokote asubuhi na jioni. Yakitoa povu na harufu kali hayapashwi tena. Mkaa ukiwa shida zaidi, nunua choroko.

Akikataa mpaka mara ya 15

Pumzisha chakula hicho wiki tatu, kisha kirudi na sura nyingine. Mchicha, kwa mfano, unaingia vizuri kwenye chapati za maji: kikombe kimoja cha unga wa ngano, yai moja, kikombe kimoja cha maji, chumvi kidogo, na vijiko viwili vya chakula vya mchicha uliokatwa kama uzi na kukamuliwa maji. Koroga mpaka mabonge yaishe, uache dakika kumi, pika kwenye kikaango kilichopakwa mafuta kidogo. Zikikatika unapogeuza, mchicha haukukamuliwa vya kutosha; ongeza kijiko kimoja cha unga. Pembeni weka jani moja la mchicha uliopikwa, alione limetoka wapi.