Lenzi ya toriki kwenye mtoto wa jicho: alama itiwe mgonjwa akiwa amekaa

Konea, kile kioo cha mbele ya jicho, kwa mtu mzima ina upana wa milimita 12 hivi. Ukiizungushia uzi pembezoni, uzi huo utafika kama milimita 38. Gawa kwa digrii 360, utaona digrii moja ni sehemu ya kumi ya milimita tu. Sasa chukua kalamu ya alama iliyokwisha ncha, ile inayoacha mstari wa milimita nzima: umeshapoteza digrii kumi na kisu hujakishika.

Nayaandika haya kwa wenzangu, madaktari na wauguzi wa macho wa Unguja na Pemba, wanaoanza kuweka lenzi za toriki, zile lenzi bandia zinazorekebisha pia astigimatizimu. Mashine nzuri zina msaada mkubwa, lakini kazi hii hushinda au hushindwa katika dakika tano ambazo mgonjwa amekaa kwenye kiti, kabla hajalala mezani.

Kwanza tuelewane juu ya astigimatizimu. Konea iliyo sawa imeviringana kama chungwa. Yenye astigimatizimu imebinuka zaidi upande mmoja kama embe, kwa hiyo mwanga haukutani mahali pamoja. Mgonjwa atakwambia taa ya ngalawa usiku ina mkia, au herufi zina kivuli. Thomas Young alilieleza tatizo hili mwaka 1801 kwa kulipima jicho lake mwenyewe. Ukimtoa mtu mtoto wa jicho ukamwekea lenzi ya kawaida, ukungu unaondoka lakini ule mkia unabaki. Lenzi ya toriki ina nguvu mbili tofauti katika pande mbili, ndiyo maana lazima ikae kwenye mhimili wake, yaani mwelekeo wake kwa digrii. Ikikengeuka digrii 10, theluthi moja ya kazi yake imepotea. Ikifika digrii 30, ni kama hukurekebisha chochote, na ikizidi hapo unamwongezea mgonjwa tatizo.

Hatua ya 1: Angalia nani anafaa

Astigimatizimu ya konea chini ya robo tatu ya dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi), iache. Kuanzia dayopta moja na kuendelea, mzungumzie mgonjwa habari ya toriki. Usiiweke kwenye konea yenye kovu au iliyochongoka, wala kwenye jicho ambalo nyuzi zinazoshika kifuko cha lenzi zimelegea. Kifuko kikichanika nyuma wakati wa upasuaji, weka lenzi ya kawaida, kwa hiyo iwepo mezani tangu mwanzo.

Huku kwetu kuna jambo jingine la kulitazama sana: kinyama cha jicho. Wavuvi na akina mama wa mwani hushinda kwenye jua, upepo na mng'ao wa maji, na kinyama kikipanda juu ya konea huibapaza kwa upande wa ulalo. Mashine itakuonyesha astigimatizimu ya dayopta mbili au tatu ambayo si ya konea yenyewe, imeletwa na kinyama. Kitoe kwanza. Subiri wiki sita au zaidi, pima, kisha pima tena siku nyingine. Namba zikifanana, endelea. Najua mgonjwa aliyepanda boti au daladala mbili kukufikia hapendi kuambiwa "rudi tena", lakini mweleze kwa upole na atakuelewa.

Hatua ya 2: Pima kabla hujatia tone lolote

Tone la ganzi na la kutanua mboni huharibu uso wa konea, basi kupima kuwe kwanza. Jicho kavu litibu kabla. Pima kwa vifaa viwili ikiwa unavyo, biomita (kinachopima urefu wa jicho na konea) na keratomita (kinachopima mbinuko wa konea), na ulinganishe mihimili. Vikitofautiana zaidi ya digrii kumi, usiamue siku hiyo.

Muulize pia mgonjwa anafanya kazi gani, na jibu lake uliandike kwenye faili. Nilipata bi mkubwa mmoja mshona kofia kutoka upande wa Wete. Nilipomuuliza anataka kuona nini zaidi, hakusema barabara wala televisheni. Alitoa kofia mkobani, akaweka ukucha kwenye tundu moja la uzi, akasema, "Hili, dakta. Nataka nilione hili." Konea yake ilikuwa dayopta 42.75 kwa wima na 45.00 kwa ulalo. Tulimchagulia lenzi ya toriki iliyolenga umbali wa sentimita 40, na ya mbali akavaa miwani. Lenzi hii ina mahali pamoja tu pa kuona vizuri. Anayetaka kuona mbali atahitaji miwani ya kusomea msahafu, na hilo aambiwe kabla ya upasuaji.

Hatua ya 3: Hesabu

Tumia kikokotoo kinachohesabu na mgongo wa konea. Keratomita husoma uso wa mbele peke yake, na mgongo wa konea una astigimatizimu yake, kwa wastani kama 0.3 ya dayopta. Ukiupuuza, utarekebisha kupita kiasi macho yaliyobinuka wima, na kupunguza mno yale yaliyobinuka ulalo. Wazee wengi wako katika kundi hili la pili.

Ingiza pia athari ya kisu chako mwenyewe, maana kila tundu unalokata kuingilia jichoni hubapaza konea kwa upande lilipo. Na jua kwamba nguvu iliyoandikwa kwenye boksi si ile itakayofika kwenye konea: katika jicho la urefu wa kawaida, dayopta 3.00 za lenzi ni kama 2.00 za konea. Lenzi huagizwa kwa kila mgonjwa, kwa hiyo usimpe tarehe mpaka boksi liwe mkononi na umelisoma mwenyewe.

Kwa wenzangu wanaotoa mtoto wa jicho kwa tundu kubwa bila mashine, na ndiyo kazi kubwa ya kambi za macho: toriki haiwafai sana, kwa sababu tundu la milimita sita au saba lina athari isiyotabirika. Hata hivyo mnayo njia. Usifungue juu kwa mazoea. Mzee ambaye konea yake tayari imebinuka ulalo, ukimfungulia juu unamzidishia. Mfungulie upande wa sikio. Haigharimu hata senti, inataka tu uisome karatasi ya vipimo na ukihamishe kiti chako.

Hatua ya 4: Alama

Mtu akilala, jicho huzunguka kidogo ndani ya tundu lake, digrii mbili au tatu kwa kawaida, na kwa wengine zaidi ya kumi. Mwaka wangu wa mwanzo wa kazi hii nilimtia alama mzee mmoja akiwa tayari amelala, kwa kuwa orodha ya siku ile ilikuwa ndefu. Upasuaji ulikwenda vizuri, lenzi ikakaa pale pale nilipotaka, na bado aliondoka na zaidi ya dayopta moja ya astigimatizimu. Lenzi ilifuata alama, na alama ilikuwa ya uongo. Yule mzee alinishukuru, nami sikuweza kuipokea shukrani ile kwa moyo mweupe.

Fanya hivi. Mkalishe, mgongo wima, miguu chini, kichwa kisiegemee. "Mzee wangu, tazama pua ya yule muuguzi, usinitazame mimi." Jicho la pili libaki wazi ili yote mawili yatazame mbele. Tia tone la ganzi, kausha ukingo wa konea kwa pamba, maana wino hautulii penye maji. Ukiwa na slitilampu, ile hadubini ya macho yenye mwale wa taa, laza mwale wake mwembamba upite katikati ya mboni, kisha weka nukta ndogo pale mwale unapokata ukingo, kulia na kushoto, na nyingine chini. Nukta, si mstari. Rudi nyuma hatua moja umtazame kwa macho yako: je, zimelingana?

Wengi tumefundishwa kutaja pande za jicho kwa saa. Kwa Kiswahili hilo ni hatari, kwa sababu pale mshale unapogusa 3, sisi tunasema saa tisa. Nimeshasikia daktari akisema moja na muuguzi akielewa jingine. Chumbani kwetu tunataja digrii tu. Sifuri iko upande wa kushoto wa mgonjwa kwa macho yote mawili. Mhimili unaandikwa kwa herufi kubwa, unabandikwa ukutani, na muuguzi anausoma kwa sauti kabla sijaanza.

Hatua ya 5: Ndani ya jicho

Akishalala, weka pete ya digrii juu ya nukta zako, kisha tia alama ya mhimili wa lenzi. Tundu la kifuko liwe na upana wa milimita 5 hadi 5.5, liufunike ukingo wa lenzi pande zote. Vijidoti vya lenzi, vinavyoonyesha mhimili wake, vinalala kwenye upande uliobinuka zaidi wa konea. Izungushe ukiiacha nyuma ya alama digrii 10 au 15, nyonya jeli yote uliyojazia jicho wakati wa upasuaji pamoja na ile iliyojificha nyuma ya lenzi, kisha imalizie. Ukipitiliza, lenzi nyingi hazirudi nyuma, itabidi uzungushe nusu duara nzima. Jeli iliyobaki ndiyo huitelezesha lenzi usiku ule. Jicho lisiachwe legevu wala lisijazwe kupita kiasi.

Hatua ya 6: Saa na siku za mwanzo

Lenzi inayozunguka huzunguka mapema, mara nyingi saa zile za kwanza. Apumzike, asijisugue. Ataswali akiwa amekaa na kuinamisha kichwa kidogo kwa wiki hiyo, na maji ya udhu yasiingie jichoni. Namna ya kutawadha amuulize shekhe wake, nasi tumweleze shekhe sababu akitaka kuijua.

Kesho yake tanua mboni, soma mhimili wa vijidoti na uandike. Ikiwa umekengeuka zaidi ya digrii kumi na mgonjwa haoni vizuri, mrudishe chumbani ndani ya wiki moja au mbili, kabla kifuko hakijaishika lenzi.

Na kwa jicho la pili, anza tena hatua ya 2. Mihimili ya macho mawili mara nyingi hutazamana kama mtu na kioo: 20 kwa jicho moja, 160 kwa jingine. Ukinakili namba ya faili la kwanza, umekosa kwa digrii 40.