Somo: Ada ya muuzaji na mnunuzi asiyelipa katika mnada wa mtandaoni, kwa wauzaji wa vikapu vya milulu (nyasi za kusukia)

Ndugu wanachama wa Iringa, Mbeya na Njombe, somo hili linahusu mambo mawili yanayowakatisha tamaa wasukaji wetu wanapoanza kuuza kwa mnada kupitia eBay, soko la mtandaoni: makato ambayo hawakuyatarajia, na mshindi wa mnada anayenyamaza bila kulipa. Yote mawili yana dawa, lakini dawa ya kwanza huanza kabla kikapu hakijapigwa hata picha.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya ada kwa jumla yote anayolipa mnunuzi. Wengi huamini kwamba ada ya mauzo hukatwa kwenye bei ya kikapu peke yake. Sivyo. Hukatwa kwenye bei ya kikapu, gharama za usafirishaji, na hata kodi ya mauzo ambayo mtandao humtoza mnunuzi wa Marekani na kuipeleka wenyewe serikalini bila wewe kuigusa.

Tuchukue viwango vya eBay ya Marekani vya mwaka 2025 kwa muuzaji asiye na duka la kulipia humo mtandaoni, ambavyo kwa bidhaa za aina nyingi vilikuwa asilimia 13.6 pamoja na senti 40 kwa kila oda inayozidi dola 10. Kikapu kimeshinda kwa dola 30, usafirishaji ni dola 35, na tuseme kodi ya kule aliko mnunuzi ni asilimia 7, yaani dola 4.55. Jumla ni dola 69.55, na ada yake ni dola 9.86. Aliyepiga hesabu kwa dola 30 tu alitarajia kukatwa dola 4.48. Kilichobaki kwenye bei ya kikapu ni dola 20.14, na humo bado hujatoa milulu, rangi na siku za msukaji. Kwa sisi tulio mbali na soko, usafirishaji mara nyingi huipita bei ya bidhaa yenyewe, na ndiyo maana kosa hili linatuumiza kuliko muuzaji anayetuma mzigo mtaa wa pili. Aliyesajiliwa nje ya Marekani asome pia ukurasa wa ada wa nchi yake, kwa kuwa nyongeza ya mauzo ya kimataifa huhesabiwa peke yake.

Hatua ya pili: weka bei ya kuanzia ambayo hata ikishinda kwa dau moja haitakutia hasara. Mnada wa kuanzia senti 99 unafaa kwa kitu kinachogombewa na wengi. Kikapu kizuri kinaweza kupata mpanda dau mmoja tu, na huyo atakichukua kwa bei hiyo hiyo.

Hatua ya tatu: pima na kufunga mzigo kabla ya kutangaza. Kikapu cha milulu ni chepesi lakini kinakula nafasi, na makampuni ya usafirishaji hutoza kwa ukubwa wa boksi pale ukubwa unapouzidi uzito. Pachika kidogo ndani ya kikubwa, mdomo kwa mdomo, kisha uviuze kama seti. Hakikisha milulu imekauka kabisa, hasa wakati wa masika, kwa sababu unyevu uliofungiwa ndani ya boksi huota ukungu njiani.

Hatua ya nne: mnunuzi asipolipa, fuata utaratibu wala usikasirike. Mnunuzi ana siku 4 za kalenda za kulipa. Ndani ya siku hizo mtumie ujumbe mmoja wa upole, na uangalie kama hajakuomba umuunganishie usafirishaji wa vitu viwili, maana huenda anasubiri ankara yako nawe unamhesabu mkaidi. Siku 4 zikipita, futa oda, na usiache siku 30 zipite. Hapa ndipo penye uzito: katika sababu za kufuta, chagua ile inayosema mnunuzi hajalipa. Ukichagua kwamba bidhaa imekwisha, kosa linaandikwa kwako na kushusha kiwango chako cha uuzaji. Ukichagua sababu sahihi, ada ya mauzo hutaibeba, na mnunuzi ndiye anayeandikiwa rekodi ya kutolipa.

Baada ya hapo una njia mbili. Unaweza kutangaza upya, au unaweza kumpa nafasi ya pili mpanda dau aliyefuata, kwa dau lake la juu kabisa, ndani ya siku 60 tangu mnada ufungwe. Mimi huona njia ya pili ni bora endapo dau lake linavuka bei yako ya chini, kwa kuwa mtu huyo alikwisha kuonyesha nia.

Hatua ya tano: ziba mwanya. Katika mipangilio ya akaunti, zuia wanunuzi wenye rekodi ya kutolipa. Kwa tangazo la bei ya moja kwa moja, washa sharti la kulipa papo hapo, ili kikapu kisihesabike kimeuzwa mpaka fedha iingie.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, kutoka Mafinga: Kamwene, mwalimu. Mnunuzi hajalipa, lakini ameniandikia nimpe namba anitumie fedha nje ya mtandao, tena kwa hundi inayozidi bei, nami nimrudishie chenji. Nikubali?

Jibu: Kamwene, mama. Usikubali kabisa. Hundi ya namna hiyo hukataliwa na benki wakati chenji yako imekwisha kuondoka. Kulipana nje ya mtandao pia ni kinyume cha kanuni, na ulinzi wako wote unapotea. Subiri siku 4, kisha ufute oda.

Swali, kutoka Mwanjelwa, Mbeya: Shikamoo. Shemeji yangu yuko Uingereza, na tumesikia huko muuzaji hatozwi ada. Tupitishie vikapu kwake?

Jibu: Marahaba. Ni kweli kwamba tangu Oktoba 2024 eBay ya Uingereza iliwaondolea ada ya mauzo wauzaji binafsi kwa bidhaa nyingi, isipokuwa magari. Lakini muuzaji binafsi ni yule anayeuza vitu vyake vya nyumbani. Anayeuza bidhaa zilizotengenezwa au kununuliwa kwa ajili ya biashara anapaswa kujisajili kama mfanyabiashara, na huyo hulipa ada. Shemeji anaweza kuwapokelea mzigo mkubwa na kuusambaza huko huko, jambo litakalopunguza usafirishaji na ada pamoja, ila akaunti iwe ya biashara na jina lake lilingane na la akaunti ya benki.

Swali, kutoka Makambako: Naweza kumwandikia maoni mabaya mnunuzi aliyenitoroka?

Jibu: Hapana, ndugu. Tangu mwaka 2008 muuzaji hawezi kumpa mnunuzi maoni mabaya. Njia pekee ya kuwaonya wenzako ni kufuta oda kwa sababu sahihi, kwa kuwa rekodi hiyo ndiyo inayoweza kumzuia asipande dau kwa muuzaji mwingine aliyeweka kizuizi.