Mende wa sinki na mende wa siasa: jinsi admini wa grupu anaweza kutambua matamshi ya chuki

Mimi ni admini wa grupu ya WhatsApp ya ploti yetu huku Kayole, Nairobi, na miezi mingi kazi yangu ni kutangaza maji yamepotea na kutoa watu wa kuuza viatu. Lakini kura zikikaribia inbox inajaa, kila mtu anauliza, hii ni chuki ama ni siasa tu?

Wacha nianze na mende. Kuna jirani aliandika usiku "hawa mende wamezidi, Jumamosi tuwamalize wote, kila nyumba itoe 200." Alikuwa anaongelea mende kabisa, wale wa chini ya sinki, tukachanga na dawa ikapulizwa. Sasa chukua hiyo sentensi vile ilivyo, uiweke wiki moja kabla ya kura, iandikwe na mtu ambaye jana alikuwa anauliza watu wa kabila fulani wanakaa flo gani. Hapo hata hiyo 200 inatisha, juu hujui inanunua nini.

Kwa hivyo usikimbilie neno. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano, ile NCIC, ilitoa orodha ya maneno ya kuchunga, mende likiwemo na madoadoa pia. Orodha inasaidia, hasa kama hujui historia ya neno. Madoadoa kwa mama anayefua ni uchafu tu kwa shati, lakini kule Bonde la Ufa neno hilo limetumika kumaanisha watu wa makabila mengine wanaotakiwa kuhama. Shida ni kwamba mwenye nia mbaya akiona neno limewekwa kwa orodha anatafuta lingine kabla ya chai ya saa nne.

Kuna maswali ya kupima kama maneno yanaweza kuleta vurugu, yalipangwa na Mmarekani mmoja anaitwa Susan Benesch, na mimi nayatumia kienyeji hivi. Anayeongea ni nani, ako na watu wanamfuata ama ni mlevi wa ploti? Wanaosikia wako na hasira ama uoga gani saa hii? Maneno yenyewe yanafanya watu waonekane wadudu, ama yanasema "wao ndio watatumaliza, tuwawahi"? Hiyo ya kuwahi ndio mbaya kushinda zote, maana inafanya mtu mpole aone anajitetea. Alafu wakati na mahali, mlishawahi kupigana hapo? Na mwisho imepitia wapi, grupu ya watu 12 ama redio. Jibu moja likitisha, chunga, matatu yakitisha usilale nayo.

Hapa hapa Nairobi kulikuwa na mradi wa iHub, kituo cha watu wa teknolojia, ulioitwa Umati, wa kufuatilia matamshi ya chuki mtandaoni, ulianza 2012, na waliweka watu wa kusoma kwa macho, Kikuyu, Dholuo, Kisomali, Sheng na kadhalika. Naona walikuwa sawa. Programu ya kompyuta ingemshika jirani yangu wa dawa ya mende na kumwachilia yule anayeandika kwa upole "wageni wetu mpange safari mapema, Agosti si mbali" na emoji ya basi, yaani hameni kabla ya kura.

Sheria nayo inasemaje? Sheria ya Uwiano ya 2008, ilitungwa baada ya vita vya kura ya 2007 ambavyo viliua watu zaidi ya 1,100, kifungu cha 13 kinaongelea maneno ya vitisho au matusi yanayokusudiwa kuchochea chuki ya kikabila, ama ambayo ukiangalia hali yote ilivyo yanaweza kuichochea. Faini inafika milioni 1 ama jela miaka 3 ama zote mbili. Kumwita mheshimiwa mwizi si hiyo, hata kama wafuasi wake wamenuna, na kuna wanasiasa wanapenda sana kuchanganya hizo mbili.

Sasa imeingia kwa grupu yako, ufanye nini. Kwanza skrinishoti kabla ya kufuta, watu wengi hufuta kwanza kwa hasira alafu hawana kitu ya kuonyesha. Piga ionyeshe namba, tarehe, saa na meseji za juu na za chini, juu mende bila zile za juu ni mende tu. Kama ni Facebook ama X chukua na linki. Simu iliyopiga hiyo skrinishoti isiuzwe wala isifomatiwe, korti inataka cheti cha aliyetoa ushahidi wa kielektroniki, na huyo anaweza kuwa wewe. Usiforwadi kwa grupu zingine eti "oneni huyu", hapo umemsaidia kusambaza. Ndio sasa ufute, umtoe ama ufunge grupu maadmini pekee waandike kwa masaa machache, alafu uripoti kwa NCIC ama polisi kama ni mwito wa kuumiza watu.

Kuripoti kwa mtandao wenyewe fanya pia lakini usikae ukingoja, Julai 2022 NCIC iliipa Facebook siku 7 ijirekebishe kuhusu matamshi ya chuki, kura ikiwa imebaki chini ya wiki mbili.

Kama ni jirani tu ameropokwa, mimi humpigia simu, siandiki. Kwa sauti mtu husema "ai, sikumaanisha hivyo" na anaifuta mwenyewe, kwa maandishi mbele ya watu mia anakaza shingo.