Krapi wakati wa joto, chambo kikae juu yake

Nyie mnaovua viziwa vya huku Texas, krapi, yule samaki wa ziwani (crappie), hajapotea, katoka tu ukingoni. Mwezi wa 3 na wa 4 maji yakifika kama nyuzi 18 hivi anakuja kutaga kwenye maji mafupi na kila mtu anampata, ila saa hizi za joto mtafute penye miti iliyozama, nguzo za gati, chini ya daraja, kivuli chochote chenye kina. Wengi wanashusha chambo mpaka chini kabisa na hapo ndo wanamkosa, yule macho yake yanaangalia juu na anakula akipanda, kikipita chini yake hakioni. Kisamaki hai au jigi nyepesi (ndoano yenye kichwa kizito cha chuma), mshipi wa nguvu ya paundi 4 au 6, weka boya ubadilishe kina futi moja moja mpaka waanze kugusa. Akigusa nyanyua taratibu jamani, mdomo wake laini kama karatasi, unachanika. Ukimpata mmoja usihame, wanakaa kundi. Na leseni uwe nayo, ziwa lisipokuwa na sheria yake, chini ya inchi 10 rudisha, mwisho 25 kwa siku.