Mambo ya Kuzingatia Kabla Silaha Haijawekwa Juu ya Kaunta

Katika duka la silaha, bunduki moja inaweza kupita mikononi mwa watu wanne kabla ya siku kwisha: mteja aliyeileta, muuzaji aliyeipokea, fundi aliyeikagua, na mteja mwingine anayetaka kuinunua. Wote wanne wanaweza kuwa wazoefu wa silaha, na hapo ndipo hatari inapojificha, kwa sababu kila mmoja huwa mwepesi wa kuamini kwamba aliyemtangulia amekwisha kuhakikisha kuwa haina risasi. Maandalizi yote yanayoelezwa hapa yana lengo moja, nalo ni kuiondoa imani hiyo dukani na kuweka mahali pake utaratibu ambao kila mkono unaopokea silaha huikagua upya, hata kama ilikaguliwa sekunde kumi zilizopita mbele ya macho ya mpokeaji.

Jambo la kwanza hufanywa kabla duka halijafunguliwa, nalo ni kuamua mdomo wa mtutu utaelekezwa wapi. Kanuni nne zilizoenezwa na mkufunzi Mmarekani Jeff Cooper katika karne ya 20 zinafahamika kwa watu wengi wa fani hii: ichukulie kila bunduki kuwa ina risasi, usimwelekezee mtutu mtu au kitu usichokusudia kukiharibu, usiweke kidole kwenye kifyatulio mpaka umelenga na kuamua kupiga, na jua unalenga nini na kuna nini nyuma yake. Kanuni hiyo ya nne ndiyo inayosahauliwa zaidi dukani, kwa kuwa ukuta humpa mtu hisia ya kwamba dunia inaishia pale. Kuta za mbao nyembamba au za bodi ya jasi hazizuii risasi ya milimita 9. Huipitisha, na mara nyingi huipitisha kuta kadhaa mfululizo. Kuielekeza silaha darini si salama ikiwa kuna watu ghorofa ya juu. Hata paa tupu si jibu zuri, kwani risasi inayopigwa kwenda juu lazima ianguke mahali fulani, na hata ile ndogo ya .22 inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 1.5. Sakafu ya zege nayo inaweza kuirudisha risasi kwa pembe ambayo hakuna awezaye kuitabiri.

Kwa hiyo mwenye duka azunguke jengo lake lote, ndani na nje, aulize ni nani anayekaa upande wa pili wa kila ukuta, kisha achague sehemu moja na kuweka hapo kizuizi cha risasi. Vipo vizuizi vinavyotengenezwa kiwandani kwa kazi hii, na vipo vya pipa au bomba nene lililojazwa mchanga na kuinamishwa ili mtutu uelekezwe ndani yake. Anayenunua au kujenga kizuizi ajue kinaweza kuhimili risasi za aina gani, kwa sababu kinachotosha kwa bastola huenda kisitoshe kwa raifo, yaani bunduki ndefu yenye risasi za nguvu zaidi. Muhimu vilevile ni mahali kinapowekwa. Kikiwekwa stoo, nyuma ya maboksi, hakitatumika hata siku moja. Kinatakiwa kuwa pale pale muuzaji anapopokelea silaha, kiasi kwamba kuielekeza kwingine kunakuwa ndiko usumbufu.

Jambo la pili ni mlango. Mteja anayeleta silaha, iwe ya kuuza, kutengenezwa au kulinganishwa na kifaa anachotaka kununua, aambiwe kabla hajaingia kwamba aiache ndani ya mfuko au sanduku lake na atoe taarifa kwa mdomo kwanza. Tangazo liandikwe kwa herufi kubwa na kwa maneno machache. Watu wanaobeba bastola kiunoni wanahitaji maelekezo ya pekee, kwa sababu mteja anayetaka kujaribu mkoba mpya wa bastola huwa na haraka ya kuichomoa ile aliyonayo, ambayo kwa kawaida ina risasi chembani, yaani kwenye tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa tayari kupigwa, na kuichomeka katika mkoba asiouzoea, huku kamba ya koti au pindo la shati likiweza kunasa kwenye kifyatulio. Duka linaloijali kazi yake huweka bastola bandia za plastiki zenye umbo la zile zinazobebwa sana, na majaribio ya mikoba hufanywa kwa hizo tu.

Tukifika kwenye ukaguzi wenyewe, inafaa tutulie, maana hapa ndipo maisha ya watu yanapohifadhiwa au kupotea. Mteja anaitoa bastola kwenye mfuko wa kitambaa na kusema haina kitu. Muuzaji, kwa nia njema kabisa, anavuta nyuma slaidi, kile chuma cha juu ya bastola kinachoteleza. Risasi moja inaruka kutoka chembani, inagonga kioo cha kaunta na kubingirika. Wote wawili wanashtuka kidogo, kisha wanapumua, kwani inaonekana hatari imekwisha. Muuzaji anaiachia slaidi irudi mbele, anavuta kifyatulio ili kushusha nyundo, kile kipande kinachopiga ili risasi ifyatuke, na bastola inalia. Kilichotokea ni kwamba magazini, yaani kibweta cha risasi, ilikuwa bado ndani, na slaidi iliporudi ilisukuma risasi ya pili ndani ya chemba ileile iliyokuwa imetoka kuachwa tupu. Muuzaji alivuta slaidi kabla ya kutoa magazini, na mpangilio huo ndio uliomponza.

Mpangilio sahihi hauna njia ya mkato. Mtutu unaelekezwa kwenye kizuizi na kidole kinakaa nje ya kikingio cha kifyatulio. Magazini inatolewa na kuwekwa mbali. Ndipo slaidi inavutwa nyuma zaidi ya mara moja, kisha inazuiwa ibaki nyuma, chemba ikiwa wazi. Baada ya hapo chemba inatazamwa penye mwanga wa kutosha, na ncha ya kidole kidogo inaingizwa kuhakikisha kwamba kweli pana utupu, kwani macho yaliyochoka huona yanachotarajia kukiona. Tundu ambamo magazini huingia nalo likaguliwe vivyo hivyo. Mkaguzi akikatizwa katikati, kwa simu au kwa swali la mteja mwingine, asiendelee pale alipoishia. Aanze tena tangu mwanzo. Na ajue kwamba kutoa magazini peke yake hakuizuii bastola kufyatua: zipo chache zilizoundwa zisifyatue magazini ikiwa nje, lakini nyingi hufyatua risasi iliyo chembani bila kujali.

Silaha za aina nyingine zina mitego yake, na kila muuzaji ajifunze mitego ya zile anazozipokea kabla hazijamfikia. Bastola ya silinda hufunguliwa na matundu yote hukaguliwa, si yale yanayoonekana kwa upande tu. Bunduki za marisau za kukoki kwa mkono, pamoja na raifo ambazo magazini yake ni bomba lililo chini ya mtutu, zinaweza kuonekana tupu chembani huku risasi moja ikiwa imekwama ndani ya bomba au kwenye kipandishio, kile kinachoinua risasi kuelekea chembani, ikisubiri mtu aikoki mara moja zaidi. Gobore ni hadithi nyingine kabisa. Halina sehemu ya nyuma ya kufungua, na baruti pamoja na risasi vinaweza kukaa ndani yake miaka mingi baada ya aliyelishindilia kufariki, mpaka mjukuu alilete dukani kuuliza thamani yake. Njia ya kulikagua ni kuingiza mchi wake, au ufito usiotoa cheche, mpaka ugote, kuweka alama pale mdomo wa mtutu unapoishia, kisha kuutoa na kuulaza kwa nje ya mtutu. Ikiwa ncha haifiki karibu na usawa wa tundu la kuwashia, kuna kitu ndani, na kuanzia hapo gobore hilo ni la fundi anayejua kutoa kilichoshindiliwa ndani yake, si la kujaribiwa fataki mbele ya wateja.

Baadhi ya silaha hudai kifyatulio kivutwe kabla ya kufunguliwa kwa usafi. Bastola za Glock ziko hivyo. Kazi hiyo isifanyike kaunteni kamwe. Ifanyike mezani kwa fundi, mtutu ukiwa ndani ya kizuizi, baada ya ukaguzi kamili kurudiwa. Wateja wengi huomba kuonyeshwa namna ya kuifungua, na ni haki yao kujua, lakini waonyeshwe mahali hapo hapo.

Kuanguka kwa silaha kunahitaji maneno yake. Silaha inayotumbukia kutoka mkononi iachwe ianguke. Mkono unaoidaka hewani hauchagui unashika wapi, na vidole hufunga kwa nguvu, mara nyingi juu ya kifyatulio. Silaha nyingi za kisasa zina vizuizi vya ndani vinavyozuia pini isigonge risasi zinapoanguka, ila si zote. Bastola za silinda za muundo wa Colt ya mwaka 1873 zinaweza kufyatuka nyundo yake ikigongwa huku risasi ikiwa chini yake, na ndiyo maana waliozizoea waliacha tundu moja tupu chini ya nyundo. Kampuni ya Ruger ilianza kuweka kizuizi cha ndani katika bastola zake za aina hiyo mwaka 1973, na za kabla ya hapo bado zinapita madukani. Hata silaha mpya huweza kuwa na kasoro: mwaka 2017 kampuni ya SIG Sauer ilitangaza mpango wa hiari wa kuboresha bastola za P320, baada ya majaribio kuonyesha kwamba zingeweza kufyatuka zikianguka kwa pembe fulani. Mwenye duka afuatilie matangazo ya watengenezaji wote wa silaha anazouza, na silaha iliyotajwa isirudi kwenye kabati kabla ya kurekebishwa.

Risasi za kweli zitenganishwe na silaha kwa umbali ambao mtu analazimika kutembea. Mteja asiruhusiwe kupachika risasi dukani ili aone kama zinaingia, hata akiahidi kuzitoa. Fundi anayejaribu kama bunduki inalisha na kutema vizuri atumie risasi bandia zenye rangi inayoonekana waziwazi, na mezani kwake pasiwepo risasi ya kweli hata moja, kwa kuwa zikichanganyika boksi moja, rangi haitamsaidia mtu anayefanya kazi kwa mazoea. Ni lazima pia kuitaja bastola ya muuzaji mwenyewe, pale ambapo sheria inamruhusu kuibeba. Hiyo ina risasi, na ikae kwenye mkoba wake siku nzima. Muuzaji anayeichomoa ili kumwonyesha mteja jinsi anavyoipenda, kisha akailaza kwenye kaunta pamoja na za kuuzwa zinazofanana nayo, ameweka mtego ambao yeye mwenyewe anaweza kuukanyaga.

Katika kukabidhiana, silaha hutolewa ikiwa wazi, mtutu ukielekea kwenye kizuizi, na anayepokea huikagua tena bila kuona haya. Anayekabidhi asichukulie ukaguzi huo kama dharau. Mteja anayetaka kulenga aulize alenge wapi, na anayetaka kuvuta kifyatulio bila risasi aombe ruhusa kwanza. Asipouliza, muuzaji amzuie kwa upole, lakini amzuie. Aliyelewa asipewe silaha mkononi. Kitufe cha usalama kisihesabiwe kuwa sehemu ya ukaguzi, kwani ni kifaa kama kingine chochote, kinachochakaa na kusahaulika.

Yaliyobaki ni maandalizi ya siku ambayo hayo yote yameshindwa. Karibu na kaunta, mahali panapofikika bila ufunguo, pawe na mkanda wa kubana damu, bandeji za kushindilia jeraha, glavu na mkasi wa kukatia nguo, na angalau mtu mmoja wa kila zamu awe amefundishwa kuvitumia kwa mikono yake, kwa sababu mshipa mkubwa uliokatika unaweza kumwua mtu ndani ya dakika chache, kabla gari la wagonjwa halijafika. Namba za dharura na anwani kamili ya duka zibandikwe karibu na simu. Mtu aliyetetemeka husahau hata jina la mtaa. Mlio wa bastola ndani ya chumba hupita desibeli 140, kiwango kinachoweza kudhuru masikio papo hapo, kwa hiyo watu hawatasikizana vizuri na maagizo yatolewe kwa ishara pia. Silaha ielekezwe mahali salama na isichezewe zaidi. Kila aliyekuwamo akaguliwe mwilini hata akisema yuko mzima, maana aliyepigwa huweza kukosa kuhisi kitu mwanzoni, na mtu mmoja atumwe haraka chumba cha pili, ghorofa ya juu na nje ya ukuta kuona risasi iliishia wapi. Polisi wajulishwe kama sheria ya mahali inavyotaka.

Daftari la matukio liwepo tangu siku ya kwanza, na liandikwe pia yale ambayo hayakufikia kulia: silaha iliyokutwa na risasi chembani baada ya mwenyewe kuapa kwamba ni tupu, bastola iliyoanguka, mteja aliyechomoa yake bila kuambiwa. Kila ingizo lionyeshe saa, aina ya silaha, nani aliikabidhi na nani aligundua, na lisomwe mbele ya wafanyakazi wote kabla ya zamu inayofuata kuanza.