Kuzuia foleni ya Kasumbalesa ukiwa bado Lubumbashi

Foleni ya malori yanayotoka Kongo kwenda Zambia haimalizwi mpakani Kasumbalesa. Ikishafika pale, kilichobaki ni kupiga honi. Inashikwa kama kilomita 90 nyuma, kwenye parkingi ya Lubumbashi ambapo lori linasimama bila kuziba RN1, barabara kuu ya kwenda mpakani. Unahitaji hesabu ya malori mlangoni mwa parkingi, hesabu nyingine kwenye kizuizi cha mpakani, na njia ya kumwita dereva.

Anza na mpaka. Kwa wiki nzima andika malori yanayovuka kila saa. Wastani wa siku unadanganya, maana asubuhi na mchana hazifanani. Tuseme yanavuka 30 kwa saa na safari ni saa mbili na nusu: 30 × 2.5 ni malori 75 njiani. Ongeza 40 yanayongoja kwenye uwanja wa mpakani ili forodha isikae bure. Kikomo ni 115. Programu iite lori jingine pale tu jumla ya yaliyo njiani na uwanjani inapopungua hapo.

Mpaka ukilegea hadi 20 kwa saa, kikomo nacho kinashuka: 50 na 40, yaani 90. Kama 115 yameshatoka, funga mlango mpaka 25 yavuke, saa 1 na dakika 15. Hapo ndipo mlinzi huombwa afungue “kwa matano tu”. Asifungue. Lori la mita 22 na nafasi ya mita 3 mbele yake ni mita 25. 40 yaliyokosa uwanja ni kilomita nzima ya barabara.

Kamera isome namba ya kichwa, si ya tela, kwa sababu tela hubadilishwa. Masika matope hufunika namba, kwa hiyo dereva apewe pia tiketi ya zamu ambayo karani anaweza kuiingiza kwa mkono. Kosa linalojificha zaidi ni lori lililoharibika au kukunja kwenda gereji: kwenye kompyuta linabaki “njiani” milele. Yakifika kumi hivi, mfumo unabana barabara iliyo tupu. Kila alfajiri mtu ahesabu kwa macho, na namba irekebishwe.

Ujumbe wa simu uwe mfupi: “ZAMU 214. TOKA 10:00, SAA YA LUBUMBASHI. MLANGO B.” Maneno hayo ya saa si mapambo. Simu ya dereva aliyetoka Tanzania inaweza kuwa bado saa moja mbele, na ukimwandikia “saa 4” yeye anaelewa asubuhi (10:00), mwingine anasubiri jioni (16:00). Chukua namba ya laini inayoshika Lubumbashi, na umpigie ukiwa naye dirishani uone kama inalia.

Bango la taa linaloonyesha madereva ujumbe liwe kabla ya njia ya kuingia parkingi; likiwa baada yake, linampa dereva habari asiyoweza kuitumia. Kwa kilomita 60 kwa saa lori linakwenda karibu mita 17 kila sekunde, basi mistari mitatu inatosha. Litundikwe juu ya barabara, maana la pembeni hufichwa na lori la mbele.

Umeme: bango la wati 60 linakula Wh (wati-saa) 1,440 kwa siku. Kwa siku mbili bila jua, na betri ya risasi isishuke chini ya nusu, unahitaji Wh 5,760, yaani Ah (ampea-saa) 240 kwa volti 24. Sanduku la betri lifungwe juu ya nguzo, si chini.