SOMO: Kuongea na wateja mtandaoni, siyo kuwapigia kelele

Wakuu, swali ni lile lile kila siku: "Naposti sana, mbona wateja hawaji?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika hapa mara moja, na atakayeniuliza tena nitamrudisha hapa hapa.

Hatua ya 1. Chagua mtandao mmoja. Hujui upi? Waulize walionunua hivi karibuni walikuona wapi.

Hatua ya 2. Pakua WhatsApp Business. Ni bure, ipo tangu 2018. Jaza saa za kazi na katalogi (orodha ya bidhaa zako), picha upige mwenyewe. Zile WhatsApp za kuchakachua, zisizotoka kwa WhatsApp wenyewe, zikae mbali na namba ya biashara, maana namba ikifungiwa, maongezi yote na wateja yamekwenda nayo.

Hatua ya 3. Posti kitu kinachojibika. "Karibuni wateja wetu wapendwa" haimpi mtu la kusema. Weka bidhaa mbili, uliza ipi ije kwanza. Onyesha kazi ikiwa nusu. Ila usiombe "like, share, tag rafiki watano": Facebook ilitangaza tangu Disemba 2017 kwamba posti za kuombaomba namna hiyo zinashushwa, yaani zinaonyeshwa kwa watu wachache.

Hatua ya 4. Jibu koment hadharani. Kazi yenyewe iko hapa, kuposti ni utangulizi tu. Mtu kaandika "Bei?", wewe unajibu "Njoo inboksi". Nani kakwambia anataka kuja inboksi? Wapo wengine wanaopita kimya wakitafuta bei hiyo hiyo, na wote umewafungia mlango. Taja bei, kisha malizia na swali: "Ndogo ni kiasi hiki, kubwa ni kiasi hiki. Wewe unaitaka kwa ajili ya nyumbani au ofisini?" Lile swali la mwisho ndilo linalomfanya arudi kuandika tena. Kama bei inategemea vipimo, sema inaanzia ngapi. Inboksi tuiachie anwani, namba ya simu na malipo.

Malalamiko nayo yajibiwe pale pale, kwa ufupi, bila ubishi: "Pole sana. Nitumie namba ya oda inboksi nifuatilie sasa hivi." Likiisha, rudi chini ya koment ile ile useme limeisha. Usifute. Ukifuta, atarudi na picha ya skrini na ndugu zake wote.

Hatua ya 5. Matangazo kwa wateja wa zamani. Someni polepole, hatua hii imeshaniunguza. USIWAINGIZE wateja kwenye kundi la WhatsApp bila kuwauliza. Ndani ya kundi kila mmoja anaona namba ya mwenzake. Mama wa watu alinunua kitu kwako, jioni anaanza kusalimiwa na wanaume asiowajua. Mshindani wako akiwemo, amepata orodha yako nzima bila jasho. Na mteja mmoja mwenye hasira akianza kulalamika humo, wote wanasoma. Watakaokasirika wataondoka, wengine watakuripoti, na namba inayoripotiwa sana inaweza kufungiwa.

Tumia orodha ya matangazo, ile "broadcast". Kila mtu anaupata ujumbe peke yake, akijibu unampata wewe tu. Orodha moja inabeba watu 256. Omba ruhusa kwanza, na asiyetaka mtoe siku hiyo hiyo bila kumhoji.

Hatua ya 6. Tengeneza majibu ya haraka (unaandika alama ya / na neno, mfano /usafiri, jibu uliloliandaa linatokea) na weka lebo kwenye maongezi ya kila mteja: kalipa, anasubiri, wa kufuatilia.

Maswali sasa.

Swali: Mkuu, sijasoma yote, kwa kifupi niposti mara ngapi kwa siku?
Jibu: Mara ambazo utaweza kujibu koment zake. Kasome yote.

Swali: Nani ana namba za wateja aniuzie nianze kutuma matangazo?
Jibu: Hatua ya 5.

Swali: Nimetuma broadcast, lakini wengine wanasema hawajaona kitu, na intaneti wanayo. Tatizo nini?
Jibu: Swali zuri, nilipaswa kuliweka juu. Ujumbe wa broadcast unamfikia tu mtu aliyeisevu namba yako kwenye simu yake. Wewe kumsevu yeye haitoshi. Ushikilie ujumbe, fungua taarifa zake, utaona waliofikiwa na waliosoma. Ambao hawamo, waandikie mmoja mmoja. Wakati mzuri wa kuomba ni unapotuma risiti: "Sevu namba hii, nitakujulisha mzigo ukitoka." Mtu anasevu kwa sababu ina faida kwake. Na stetasi zako atakuwa anaziona, mradi na wewe umemsevu.

Swali: Kununua wafuasi je? Jamaa yangu kanunua, ukurasa wake unaonekana mkubwa.
Jibu: Unaonekana, ndiyo. Koment ziko ngapi?
Muulizaji: Mbona mkali hivyo mkuu, si tunajifunza.
Jibu: Sijakugombeza. Nimekuuliza koment ziko ngapi, nenda kahesabu uje.

Swali: Nje ya mada kidogo: kuna mtu kanipigia anataka namba ya uthibitisho (code) ya tarakimu sita iliyoingia kwenye simu yangu, anasema ni ya kuthibitisha biashara.
Jibu: Mwizi huyo. Ukimpa hiyo code, anaisajili WhatsApp yako kwenye simu yake. Nenda kwenye mipangilio, washa uthibitishaji wa hatua mbili, weka PIN yako. Na ukurasa wa Facebook uwe na wasimamizi wawili unaowaamini, mmoja akipoteza akaunti mwingine abaki ndani.

Mdau mwingine: Nyongeza. Sisi tunajibu watatu kwa namba moja, maana WhatsApp inaruhusu kuunganisha vifaa vinne vya ziada. Kila mmoja anamalizia jibu kwa herufi ya jina lake, kwa hiyo mteja akisema "mliniahidi", tunajua nani aliahidi.
Jibu: Hii naichukua. Na lebo, nani anazibadilisha mteja akishalipa, aliyeanza maongezi au aliyepo zamu?
Mdau: Aliyepo zamu. Tulijaribu ya kwanza, oda zikawa zinalala.